Chupa ya Vifutio

Langoni Mwalimu Uulkan alisimama na chupa tupu ya jemu.
"Vifutio humu," alisema. "Vyote. Hata kile cha umbo la paka."
Wasichana ishirini na wanane wakatazamana.
Walitoka Naryn, Batken, Kochkor,
mabegi yamevimba soksi za sufu, maana mama zao wanajua
hata Julai, kando ya ziwa Issyk-Kul, usiku una meno.

Mimi nilikuwa msaidizi, mwaka wa pili chuoni Bishkek.
Hakuna aliyenikagua.
Changu kilibaki mfukoni, kimeliwa pembe zote
kama sabuni ya nyumba ya wengi.

Gulzina alikuwa wa mwisho. Alitia vitatu.
Daftari lake nililiona baadaye: kurasa zimesuguliwa
mpaka ukizinyanyua dirishani
unauona mlima na theluji yake upande wa pili.
Si kwamba hakujua. Alijua, akaandika, akaogopa, akafuta,
na palipokuwa na jibu pakabaki tundu.
Wa hesabu nyumbani ni kaka zake, aliniambia.
Yeye ni wa kondoo.
"Kondoo wangapi?"
"Mia mbili na kumi na watatu," alijibu bila kupepesa,
"jana ya kuja huku. Wawili wanachechemea."

Siku ya tatu, swali liliandikwa kwa chaki
juu ya meza kuukuu ya mpira:
*Nyote mkisalimiana, kila mmoja na kila mwenzake,
mara moja tu, mikono itakutana mara ngapi?*

Kundi moja lilijaribu kwa miili:
wakashikana, wakapoteana, wakacheka, wakaanza upya.
Gulzina hakucheka.
Aliandika mia saba hamsini na sita,
akaiona kubwa mno, ya aibu,
kidole chenye mate kikaanza kusugua.
Weusi wa penseli ukatapakaa.
Namba ikasimama palepale, ndani ya wingu.

Nilikuwa karibu. Mkono wangu ulishaingia mfukoni.
Nilitaka kumwokoa; ndivyo nilivyoliita jambo lile.

Lakini Begaiym, mwenye sauti ya kuitia farasi bondeni,
alimwinamia: "Sisi tumepata mia tatu sabini na nane. Wewe?"
Gulzina akafunika.
Begaiym akafunua.
Namba mbili zikalala ubavu kwa ubavu.

Nikauona uso wa Gulzina ukigeuka taratibu,
kama mtu aliyesikia jina lake katikati ya umati.
Akaukamata mkono wa Begaiym, akautikisa.
"Hapa nimekuhesabu wewe."
Akautikisa tena.
"Na hapa wewe umenihesabu mimi.
Salamu ni moja, ila ina wenyewe wawili.
Mkono mmoja hausalimu."
Akapiga mstari, akagawa kwa mbili.

Kosa lake lilikuwa ukweli uleule, umesemwa mara mbili.

Hakuna aliyepiga makofi. Kengele ya chakula ililia,
na supu ya tambi ikipoa inaganda mafuta.
Njiani Begaiym akamtega: "Harusini, watu mia tatu?"
Gulzina akatafuna mkate, akameza.
"Elfu arobaini na nne, mia nane na hamsini.
Watachoka kabla ya pilau."

Kisha akanigeukia mimi.
"Na wewe ukiingia kwenye ile duara yetu?"
Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa ulimini,
nami nikalipapasa, nikalipima, nikataka kulifuta
kabla halijazaliwa.
"Ishirini na nane zaidi," nilisema. "Mia nne na sita."
Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Usiku ule chupa ya dirishani iliongezeka kimoja.

Siku ya kuondoka Mwalimu aliifungua, kila mtu achukue chake.
Gulzina alichagua kimoja tu kati ya vitatu.
"Cha kuchorea," alisema.
"Miguu ya kondoo bado inanishinda."